Nasaha kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kwenye Usaili wa Mchezo

Mwanangu, kabla hujakariri mstari hata mmoja, soma tamthilia yote. Yote, kuanzia utangulizi mpaka onyesho la mwisho. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko mengine. Kila tukibandika tangazo la usaili, wanakuja vijana wenye sauti nzuri, wamevaa wakapendeza, mkononi wana ukurasa mmoja walioupiga picha kwa simu. Ukiwauliza mhusika wao ametoka wapi, anamtaka nani, anaogopa nini, wanatazama dari.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kijana aliyesoma kipande cha unabii peke yake hudhani kazi yote ni kutetemeka na kupaza sauti. Basi anatetemeka kweli, na sauti inasikika mpaka barabarani. Aliyeufikia mwisho anajua kwamba mtu huyu atakamatwa, na Kitunda, rafiki yake, atamsihi akiri kuwa maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi yalikuwa uongo, naye atakataa, maana neno alilolitoa limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Ukilijua hilo huwezi tena kuutoa ule unabii kwa shangwe tupu. Lazima mahali fulani tusikie mtu anayeanza kuliogopa neno lake mwenyewe. Hayo hayapatikani kwenye ukurasa mmoja.

Soma na habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini usivichanganye na mchezo. Hussein mwenyewe ameeleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile huyu ni wa kubuni. Yule wa kweli, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Anayekuja kutuigizia historia atashindwa kuelewa kwa nini mtu wa kwenye kitabu anasema anayoyasema.

Fika mapema.

Kula kabla ya kuja, hata kama ni chai na andazi. Sauti ya mwenye njaa hukatika katikati ya sentensi.

Salimia. Nashangaa kwamba hili nalo linahitaji kuandikwa. Wanafunzi wanampita mzee anayetufungulia ukumbi kana kwamba hawamwoni, kisha wakifika mezani kwetu shikamoo zinamiminika kwa unyenyekevu mkubwa. Mzee yule ameona michezo mingi kuliko wengi wetu tuliokaa pale mezani, na hata asingeona mmoja, ni mkubwa wako. Tabia hiyo tunaiona, na tunaikumbuka wakati wa kuchagua, kwa kuwa mazoezi ni miezi ya kuishi na watu.

Vaa nguo unayoweza kukaa nayo sakafuni. Simu izime kabisa.

Kuhusu matamshi, usione haya kumwendea mtu akusahihishe. Tumetoka makabila mengi, na ndimi zetu hazikulelewa pamoja. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kujua kwamba unasema zambi penye dhambi, na laha penye raha, ukaacha hivyo hivyo kwa kutumaini hatutasikia. Soma kwa sauti nyumbani, kila siku kidogo, na mtu akusikilize akiwa upande wa pili wa chumba.

Machozi yapunguzeni, wanangu. Najua mnayatoa wapi: kwenye filamu za nyumbani, ambako kamera inakuja mpaka kwenye kope. Ukumbini aliyekaa nyuma haoni chozi lako. Anachoona ni kama umesimama au umekaa, kama umemgeukia mwenzako au umempa mgongo. Anachosikia ni maneno. Ukilia mpaka maneno yakapotea, umemnyima vyote.

Sasa nije kwa mwenzako. Katika usaili wa karibuni kijana mmoja alisoma na binti ambaye hawakuwa wakifahamiana. Muda wote binti alipokuwa akiongea, kidole cha yule kijana kilikuwa juu ya mstari wake unaofuata, macho yanatuchungulia sisi wa mezani. Neno la mwisho la binti alilimeza kwa haraka ya kuanza lake. Katikati ya ukurasa akapotea. Binti akairudia kauli yake ya mwisho, taratibu, kwa sauti ile ile ya mhusika, mpaka kijana akaokota alipoachia. Hakucheka, wala hakutugeukia kutuonyesha kwamba kosa si lake. Huo ndio uigizaji, na ndio ustaarabu pia. Alichofanya kijana ni utovu wa adabu, na nasema hivyo bila kupunguza ukali. Anayesema ana maneno ya kumsaidia. Anayesikiliza hana kitu isipokuwa umakini wake, kwa hiyo macho yetu huwa kwake.

Majina yakibandikwa, usinune kwa kupewa nafasi ndogo. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari, hakuacha kuwapa watu wa mtaani wa Roma maneno yao. Hotuba ya Antonio mbele ya maiti haina nguvu yoyote kama umati haubadiliki mbele ya macho yetu, kutoka kumshangilia Bruto mpaka kutaka kuchoma nyumba. Nimewahi kuona onyesho hilo likifa kwa sababu raia wawili walikuwa wamesusa kimoyomoyo. Kama hukuitaka nafasi hiyo, sema siku hiyo hiyo tumpe mwingine. Kukubali, kisha kutoweka mazoezini, ni kuwadhulumu wenzako.

Na ukikosa kabisa, usitufuate siku ile ile kudai sababu. Acha zipite siku chache, uje kwa utulivu, utaambiwa ukweli. Ukiweza, omba kushika kitabu mazoezini uwe unawakumbusha wenzako mistari. Wengi wanaidharau kazi hiyo. Anayeifanya huzijua nafasi zote, na mwigizaji akiugua siku mbili kabla ya onyesho, mwongozaji hana mwingine wa kumgeukia.