Meza ya Versailles na Fuvu la Kalenga

Wengi wetu tumefika Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, tukasimama kimya mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya makumbusho. Wachache tunajua kwamba safari ya fuvu hilo ilipita juu ya meza moja ya fahari huko Ufaransa.

Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Wao wakakata kichwa chake, kikapelekwa kwao. Tarehe 28 Juni 1919, katika Ukumbi wa Vioo wa jumba la kifalme la Versailles, wajumbe wa mataifa walitia saini mkataba wa amani. Meza waliyoandikia ilikuwa ya namna walizotengenezewa wafalme na wakuu katika karne ya 18, yenye mapambo ya shaba yaliyong'arishwa kwa dhahabu. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani kukabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Ulianza Januari 1920. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hesabuni wenyewe. Tena aliyeahidiwa pale mezani alikuwa Mwingereza. Mhehe hakuwekewa kiti.

Je, meza ile ilikosa nini? Hatuthubutu kusema uzuri ni dhambi. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, shaba na mbao, na sanduku la agano lilifunikwa dhahabu ndani na nje. Lakini siku za Eli, Israeli walilibeba sanduku hilo vitani wakidhani lenyewe litawaokoa, hali wana wa Eli hawakuacha uovu wao. Walishindwa, na sanduku likatekwa. Hapo ndipo penye hatari: chombo kizuri humpa anayeahidi sura ya uaminifu kabla hajatenda lolote.

Ni rahisi kuwanyoshea kidole Wajerumani, ingawa waliotuletea Injili ya Kilutheri katika nyanda hizi walitoka nchi hiyo hiyo, na jambo hilo tumezoea kulipita haraka. Lakini sisi nasi tuna meza zetu. Katika usharika mmoja tuliotumika, tulichanga tukanunua meza ya mninga ya ofisi, iliyonakshiwa msalaba, tukaiweka wakfu kwa nyimbo. Ahadi ya kwanza kuandikwa juu yake ilikuwa kumwezekea nyumba mama mmoja mjane kabla ya masika. Wazee wa kanisa walitia saini, nasi tukatia. Masika mawili yamepita. Meza hupanguswa kila Jumamosi, na karatasi ile ingali ndani ya droo yake.