Umbali Si Ulinzi

Mjomba mmoja wa Lodwar alikuwa na studio ya picha, na ndani ya studio kisanduku chenye diski mbili kilichounganishwa na ruta. Humo alihifadhi picha za arusi, mahafali na pasipoti. Alihifadhi pia kitu kisichonunulika: picha za Ghuba ya Ferguson, katika Ziwa Turkana, za miaka ya 1980, alizopiga marehemu baba yake pale Kalokol. Zilionyesha kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kisha ghuba yenyewe ilivyokauka, mitumbwi imelala juu ya udongo uliopasuka. Mtoto wa Longech, kando ya ghuba hiyo, anayeyaona maji ya leo hawezi kusadiki bila kuonyeshwa. Filamu za picha hizo ziliharibika kwa joto, zikatupwa baada ya kuskaniwa.

Kazi nyingi za mjomba zilikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kilomita zipatazo 120 kutoka studioni, na kila mteja alipotaka picha ya zamani ilibidi mjomba arudi Lodwar kuitafuta. Mpwa wake, mwanafunzi wa kompyuta, alipokuja likizo alimhurumia.

"Mjomba, acha kuteseka. Nitakutengenezea uzipate kwa simu hukohuko Kakuma."

"Na wezi je, mwanangu?"

"Nani huko duniani anaijua Lodwar, Mjomba?"

Kijana akaomba kampuni ya intaneti iwape anwani yao wenyewe ya kudumu, akaingia kwenye ruta na kufungua mlango unaopeleka maombi ya nje moja kwa moja kwenye kisanduku. Mjomba akafurahi. Akawa anatuma picha akiwa bado Kalobeyei, jirani na Kakuma.

Kosa halikuwa kutaka urahisi huo. Kosa lilikuwa lile jibu. Wateja wengi wa data ya simu, kama ilivyokuwa studio, hushiriki anwani moja ya nje, hivyo mgeni hawezi kuvifikia vyombo vyao kirahisi. Kijana aliiondoa kinga hiyo asijue. Na anayetafuta milango iliyo wazi haulizi mji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi yaweza kuzipitia anwani zote za IPv4 chini ya saa moja. Lodwar imo, na London imo.

Asubuhi moja mjomba alikuta kila folda imefungwa, na ndani yake barua ya kudai bitcoin. Diski ya pili haikumsaidia. Kazi yake ilikuwa kuiga ya kwanza papo hapo, ikaiga na maangamizi.

Watu wa kisa hiki nimewaunda. Balaa lenyewe sikuliunda. Aprili 2021 wahalifu wenye programu iitwayo Qlocker waliingia kwenye visanduku vya kampuni ya QNAP kupitia udhaifu wa programu yenyewe ya kutengeneza nakala za akiba, wakafunga faili na kudai bitcoin 0.01 kwa kila mwathiriwa. Nenosiri refu lisingewazuia. Juni mwaka huohuo wengi wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital waliamka wakakuta vimefutwa kila kitu. Kampuni ilikuwa imeacha kuvitolea masasisho tangu 2015, na mistari ya programu iliyopaswa kudai nenosiri kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imezimwa na waundaji wenyewe.

Kwa Kakuma nina hofu kubwa zaidi ya kupotelewa. Wapo huko waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Picha ya sura ya mkimbizi ikivuja pamoja na jina lake, bitcoin hairudishi usalama wake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli kwa mwenye data, na mpiga picha mwenye orodha ya wateja asidhani hahusiki.

Njia salama ilikuwepo, na haikuwa ghali. Kijana angeweka VPN, kwa mfano WireGuard kwenye ruta, au Tailscale ambayo haihitaji hata anwani ya kudumu. Simu ya mjomba ingejitambulisha kwanza kwa ufunguo wake, na mpita njia asingeona mlango wowote wa kubisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye kisanduku cha namna hii dukani, ofisini au kanisani, fungua ukurasa wa ruta yako leo. Funga kila mlango unaoelekea kwenye kisanduku, na uzime UPnP, ambayo huruhusu vyombo kujifungulia milango bila kukuuliza. Weka masasisho, na chombo kilichoachwa na kampuni yake kisiguse intaneti tena. Kisha nunua diski moja ya nje, nakili kila kitu, ichomoe, na ukaiache kwa ndugu yako Kalokol.