Mkitoka Kwenye Chungu, Tafuteni Wenzenu

Wanangu wa Jinja na Mbale, nasema nanyi mlioamua kuacha: wa waragi, wa bangi, wa mairungi yanayotafunwa usiku kucha ili boda isilale, na wewe ambaye vidonge au unga vimekufikisha pabaya. Uamuzi mmeshaufanya. Nataka tuzungumze juu ya wiki ya tatu, mwili ukiwa umeanza kutulia, jioni inaingia na hujui uende wapi.

Hapo ndipo mnapotupotea. Kijana anarudi kutoka matibabuni Kampala, mashavu yamejaa, mama amechinja kuku, majirani wamekuja kushukuru Mungu. Baada ya muda si mrefu yuko palepale. Watu husema hana msimamo, nami sikubali. Tazameni chungu cha pombe ya malwa. Watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, kila mmoja na kiti chake. Asiyefika huulizwa. Aliyefiwa huchangiwa papo hapo. Kijana akiambiwa aache malwa, ameambiwa pia awaache watu pekee wanaouliza yuko wapi leo. Vijiwe vya bangi ni hivyohivyo. Serikali ilipopiga marufuku waragi wa vifuko mwaka 2019, vifuko viliondoka madukani, lakini wanywaji walibaki na wenzao walewale. Kwa hiyo msijidanganye kwamba mtashinda kwa kujifungia chumbani na kukaza meno. Mnahitaji kiti mahali pengine, katikati ya watu wengine.

Mwaka 1935 mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa mgeni katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na katika hoteli aliyofikia alisikia kelele za baa. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu akampigia kiongozi wa kanisa moja la mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye mlevi sugu. Wakaongea kwa saa nyingi. Huo ndio mwanzo wa umoja wa walevi wanaosaidiana, unaojulikana kama AA, na mwaka 1953 huko California watumiaji wa dawa za kulevya wakaanzisha wa kwao, NA. Angalieni alichofanya: mkutano haukuwepo, akautafuta mtu kwa mtu.

Nanyi fanyeni hivyo. Jinja na Mbale zote zina hospitali ya rufaa ya mkoa yenye sehemu ya afya ya akili. Nenda, mwulize nesi au mshauri: wagonjwa wanaotoka hapa wanakutana wapi? Mwulize padri, mchungaji, imamu. Mtafute yule aliyerudi kutoka wodi ya pombe na dawa za kulevya ya Butabika akiwa mzima hadi leo; kila mtaa unamjua, na mara nyingi hakuna aliyemwomba msaada. Mikutano mingine hufanyika kwa simu, nayo inafaa usiku usingizi ukikataa. Lakini usiifanye simu kuwa kila kitu. Mtu anayekuona kwa macho atajua umekonda.

Na kabla ya yote, mnywaji wa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mikono ikitetemeka sana, ukiona au kusikia visivyopo, ukipata degedege, hiyo ni kazi ya hospitali, na kuchelewa kunaua. Wa unga naye asisahau hili: ukikaa muda bila kutumia, mwili hauwezi tena kipimo cha zamani, na wengi wamekufa kwa kurudia kipimo kilekile mara moja tu.

Najua mnaogopa nini. Mbale ni mji ambao muuza nyanya anamjua shangazi yako. Utaonekana unaingia mkutanoni, na kesho habari iko kanisani. Basi jueni utaratibu wa mikutano hii: mnatajana kwa jina la kwanza tu, hakuna daftari la majina, hakuna ada. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni haombwi kitu. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Kinachosemwa mle hubaki mle. Ikiwa bado aibu inakuzidi, panda gari asubuhi uanze katika mji mwingine: wa Mbale aende Jinja kwa njia ya Tirinyi, wa Jinja apande Mbale. Ni kama kilomita 140, nauli si ndogo, lakini mwanzoni inafaa. Baadaye utapata ujasiri wa kukaa kwenu.

Mimi mwenyewe nimeketi katika mkutano wa wazi, ule ambao jamaa wanaruhusiwa. Sitasema yaliyosemwa. Nitasema nilichokiona. Aliingia kijana, mikono inamtetemeka, akapewa kiti karibu na chupa ya chai. Jirani yake akamjazia kikombe nusu, bila neno, akakisogeza hadi kwenye vidole vyake. Mimi ningemjazia hadi juu kwa ukarimu, na chai ingemwagika, na angeona aibu mbele ya wote. Yule alijua kwa sababu mikono yake iliwahi kutetemeka. Maarifa hayo sisi wazazi hatuna, hata tukikupenda namna gani.

Mkikuta hakuna mkutano, wawili wanatosha kuanza. Kule Unguja nyumba za kupata nafuu zilianza mwaka 2009, na wengi wanaoziendesha ni watu waliotumia unga wenyewe. Ombeni chumba cha parokia, darasa la madrasa lisilo na vipindi, au banda la mtu anayewaamini. Chagueni siku moja na saa moja, msibadilishe. Wiki ambayo hakuna aliyekuja, wewe uliyefika kaa hadi saa iishe, maana anayesitasita hupita nje mara kadhaa kabla ya kuingia, na akikuta kufuli siku hiyo huenda asirudi.

Ukianguka, njoo mkutano unaofuata, hata kama bado unanuka. Usisubiri uoge dhambi kwanza.

Neno langu la mwisho ni kwa wa Mbale. Kila mwaka wa shufwa, Agosti, imbalu, msimu wa tohara, inafunguliwa Mutoto, na kwa miezi ngoma za kadodi zinapita kila kijiji na pombe ya busaa inamiminwa kila ua. Binamu yako anatahiriwa, huwezi kukosa, wala sikuambii ukose. Mwambie mjomba mapema, siku zikiwa bado, kwamba hunywi, ili asikupe kibuyu mbele ya watu. Nenda na mwenzako wa mkutano, mmoja asimame pale mwingine anaposimama. Chezeni, msindikizeni kijana, kuleni. Giza likiingia na wazee wakianza kuzunguka vyungu, ondokeni wote wawili, na kama mwenzako hayupo, mpigie simu ukiwa njiani hadi ufike nyumbani.