Kura, kitunga na kompyuta: nani anashika bahati?

Katika likelemba ya watu 12, kila mwezi wote wanatoa makuta na mmoja anakula. Wa kwanza anafungua biashara yake mara moja. Wa mwisho anangojea mwaka mzima. Juu ya ile tunapiga kura. Zamani tulitumia vikaratasi katika kofia. Siku hizi kijana mmoja anabonyeza telefone ao kompyuta, namba inatoka, mambo imekwisha. Lakini ile kura ni ya haki?

Wazee wetu walijua kutikisa. Wachokwe wako na kitunga cha ngombo: ndani yake mna vitu vingi vidogo vidogo, mfumu anatikisa, kisha anasoma vile vilivyopanda juu. Kwa Waluba kuna kashekesheke, kifaa kidogo cha mti: mfumu na mwenye shida wanakishika wote wawili, kinatembea, kinajibu. Wazee hawakuita ile bahati. Kwao ni roho zilizosema. Kuamini ao kutoamini, hiyo ni juu ya kila mtu. Sisi tunaangalia jambo moja: mwenye shida alikuwa pale, akiona, na kwa kashekesheke, mkono wake mwenyewe ulikuwa ndani.

Kompyuta haitikisi kitu, inahesabu. Mara nyingi inaanza na namba moja inayoitwa mbegu, kwa mfano saa ya mashini yenyewe. Inazidisha, inaongeza, inagawanya, na namba zinatoka kama zimechanganyika. Kumbe mbegu ile ile inazaa sikuzote namba zile zile. Ni kweli, kuna mashini zinazotafuta mbegu katika kelele ya umeme, ambayo hakuna mtu wa kuibashiri. Lakini sisi wenye kusimama mbele ya kioo tunaona namba tu, mbegu hatuioni.

Kule Marekani, Eddie Tipton alikuwa mkubwa wa usalama wa kompyuta katika shirika la bahati nasibu. Aliandika programu iliyotoa, katika siku fulani za mwaka, namba ambazo yeye aliweza kuzikisia. Tiketi moja ya mwaka 2010 ilishinda dola milioni 16,5. Makuta haikulipwa, juu mwenye tiketi alijificha. Mwaka 2017 Tipton alikubali kosa, akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Mashini haikudanganya mtu: ilimtii bwana wake.

Watu watasema: hata kikaratasi kinaweza kukunjwa kwa alama. Ni kweli. Ndiyo maana haki haiko katika kofia wala katika mashini. Iko katika kujua nani anashika mbegu.

Basi tuishike wote. Kila mwanamemba aandike kwa siri namba kati ya 1 na 12, akunje, aweke mezani. Kisha zote zifunguliwe pamoja, zijumlishwe, zigawanywe kwa 12. Jumla ikiwa 79, inabaki 7: wa saba katika liste anakula wa kwanza. Pasipo kubaki kitu, ni wa kumi na mbili. Hata kumi na mmoja wakipatana, hawataweza kuchagua mshindi, kama yule mmoja ameandika namba bila mpango na bila kumwambia mtu.

Kompyuta ijumlishe, hatukatai, kwa hesabu inatushinda. Lakini mtu atakayengojea mpaka mwezi wa 12, bandugu, angojee akijua kwamba mkono wake pia ulitikisa kitunga.