Mkanda wa Askari wa Doria



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 3, twasoma habari za watu waliomwendea Yohane Mbatizaji kando ya mto Yordani. Walikuja watoza ushuru, wakaja na askari. Askari hao walikuwa kama ninyi: walitaka kuishi upya, wakauliza wafanye nini. Yohane hakuwaamuru watupe silaha zao. Aliwaagiza wasimnyang'anye mtu mali yake, wala wasimsingizie mtu, bali waridhike na mshahara wao.

Kwa nini alitaja unyang'anyi kwanza? Kwa sababu alijua kishawishi cha askari. Watu wa Bunia na wa vijiji vya Ituri nao wanakijua. Askari wa doria akiingia kijijini na tumbo tupu, na bunduki i mkononi, kuku wa mjane haponi, wala muhogo ulioanikwa haubaki. Alikuja kuwa mlinzi, kumbe amekuwa mwizi. Mara nyingi dhambi hiyo haikuzaliwa kijijini. Ilizaliwa kambini, siku askari alipotoka bila kujifunga vema, au mkubwa wake alipomtuma bila kumpa chakula cha njiani. Mkubwa huyo naye atatoa hesabu mbele ya Mungu.

Tazameni jinsi anavyojifunga askari aliyefundishwa. Mkanda wake ni mpana, wa turubai nene, nao hukaa juu ya nyonga ili nyonga zichukue uzito. Mikanda miwili ya mabega huuzuia usiteremke. Vifuko vya risasi huwekwa mbele, upande wa kuume na wa kushoto. Katikati ya tumbo huachwa wazi, apate kulala kifudifudi. Nyuma hukaa chupa ya maji na kifuko cha chakula cha kumtosha mchana na usiku. Bendeji huwekwa mahali pamoja kwa askari wote wa kikosi, ili mmoja akijeruhiwa, mwenzake aipate hata gizani. Akiisha kujifunga, huruka mara mbili tatu. Kitu kikilia, hukikaza, kwa maana mlio wa usiku humwita adui. Wala habebi kila akipendacho, maana mzigo uliozidi humwangusha njiani.

Askari wa namna hiyo hupita kijijini, akasalimu, akaenda zake. Hana sababu ya kugonga mlango wa mtu.

Wala ushujaa peke yake hautoshi. Mwaka 1941 askari Wakongo wa Force Publique walivuka Sudani, wakaenda kupigana na Waitalia katika Uhabeshi. Mwezi wa Machi waliteka Asosa na Gambela. Tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akajisalimisha kwa Jenerali Gilliaert huko Saio. Lakini kabla ya siku hiyo walikaa katika mvua, na chakula chao kilitoka mbali sana. Njaa na maradhi viliwadhoofisha watu hodari. Mioyo yao ilikuwa imara. Posho ndiyo iliyopungua.

Sasa, wapendwa, ninyi nanyi mwaitwa kwenye doria. Mtakatifu Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, anaorodhesha silaha za Mkristu, na ukweli anaufananisha na mkanda wa kiunoni. Mkanda ukilegea, vyote vilivyotundikwa juu yake huyumba. Hali kadhalika mwongo: sala zake, nyimbo zake na matoleo yake havina pa kushikia.

Padri haji kigangoni kila siku. Kati ya Misa moja na nyingine, majaribu hayamngojei mtu. Mtoto huugua usiku, shamba huharibika, jirani hutukana. Mwenye roho tupu hufanya kama askari mwenye tumbo tupu. Hukimbilia kwa mpiga ramli, au humnyang'anya mke wake amani na watoto wake furaha. Lakini aliyejiwekea akiba ya neema hupita katika shida bila kumdhulumu mtu.

Mfano tunao katika nchi yetu. Mwenye heri Isidore Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, kisha akafanya kazi kwa wazungu katika shamba la Ikili, mbali na misioni. Padri hakuwapo karibu. Alichukua rozari yake na skapulari ya Bikira Maria shingoni, akawafundisha wenzake sala. Alipoamriwa kuivua skapulari hiyo, alikataa, akapigwa viboko hata mgongo ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe aliyemtesa, akafariki tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Alichokuwa nacho mwilini kilikuwa kidogo. Alichokuwa nacho rohoni kilimtosha mpaka mwisho.

Basi jifungeni mapema. Sala ya asubuhi na ya jioni ziwe na saa zake, kama kifuko chenye mahali pake. Amri Kumi zijueni kwa moyo, kwa maana gizani hakuna kitabu. Majuto yawe karibu, kama bendeji.

Na kama kati yenu yupo aliyewahi kuchukua cha mtu kwa nguvu, awe alivaa sare au hakuvaa, asingoje siku ya ubatizo. Ajitahidi kurudisha alichotwaa. Kama hawezi kurudisha chote, aanze na kuku mmoja. Mjane yule angali hai, na Mungu anamsikia.