Hisani na Haki

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Kwa methali hii twakanywa tusimcheke mlemavu. Lakini liko swali zito zaidi: kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu ni hisani au ni haki?

Katika utumishi wangu nilipata kuona shule ambamo mwalimu mmoja tu alijua nukta nundu. Alipopewa uhamisho, mwanafunzi wake asiyeona alibaki na karatasi zake zenye vinundu, wala hapakuwa na wa kuzisahihisha. Mwalimu yule alikuwa mwema. Ila wema wake uliondoka naye. Hisani huhama na mtu. Haki haina budi kubaki shuleni.

Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na elimu ikatajwa humo kuwa haki yao. Hata hivyo, sheria haisahihishi karatasi. Kazi hiyo ni ya mwalimu mkuu, walimu wa darasa, mzazi na wanafunzi wenziwe. Yawapasa wakae pamoja na mwanafunzi mwenyewe, wamsikilize, na kila mmoja ajifunze sehemu ya kazi ya mwingine. Herufi ya nukta nundu haizidi nukta sita. Mwenye nia atazijua. Kidole kimoja hakivunji chawa.