Deni la Msanii: Chuck Berry na Swala la Umiliki

Iwapo msanii aweza kumiliki kile alichokipokea kutoka kwa wengine ni swala ambalo wahakiki wa fasihi simulizi wamelijadili kwa muda mrefu. Maisha ya Chuck Berry (1926–2017), mzaliwa wa St. Louis, Marekani, na mmoja wa waasisi wa muziki wa roki, yanalitia swala hili mizanini.

Wimbo wake "Maybellene" (1955) ulichipuka kutokana na "Ida Red", wimbo wa jadi wa mashambani. Berry aliukopa, akaufinyanga upya kwa gitaa na kisa cha mbio za magari. Santuri ilipotoka, majina mawili yaliongezwa kando ya lake kama watunzi, mojawapo likiwa la Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa redio. Freed hakuutunga wimbo huo. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuupigisha hewani. Majina hayo hayakuondolewa hadi mwaka wa 1986.

Je, matendo haya mawili yana uzito mmoja kimaadili? La hasha. Berry aliongeza kazi yake juu ya mapokeo, na mapokeo hayakupungukiwa. Freed aliongeza jina tu, na fungu lake lilimegwa kutoka katika jasho la mwenziwe.

Kwa hiyo, kukopa si kosa katika sanaa. Pasipo mkopo hapana utanzu unaokua. Kosa ni kuvuna pasipo kulima. Aidha, sifa aliyomiminiwa Berry baadaye haikufuta deni hilo, kwani heshima isiyoandamana na haki ni nusu ya malipo.